Ujumbe usiachiwe bahati

Munyaka ni neno la Kikuyu lenye maana ya bahati. Ni jina jema, na wakazi wa mtaa huo ulioko viungani mwa Eldoret hawana sababu ya kulionea haya. Hata hivyo, yako mambo ambayo binadamu hapaswi kuyaachia bahati hata kidogo, na mojawapo ni ujumbe unaohusu fedha za mtu mwingine. Hilo ndilo funzo nililolipata jioni moja katika duka la gesi mtaani humo, na ndilo ninalotaka tulitafakari leo, hasa sisi tuliokabidhiwa dhamana ya kufundisha na nyinyi mnaofundishwa.

Mwenye duka alikuwa ameenda mjini, na simu inayopokea taarifa za malipo alikuwa nayo mkobani. Dukani alimwacha msaidizi wake pamoja na tarakilishi ndogo ya mkononi. Katika tarakilishi hiyo mlikuwa na ukurasa uliotungwa na mpwa wake, kijana anayesomea utunzi wa programu katika chuo kimoja cha hapa Eldoret. Kazi ya ukurasa huo ilikuwa moja tu: mteja akilipa kwa M-Pesa, neno "Subiri" liondoke na neno "Imelipwa" litokee. Hapo ndipo msaidizi angetoa mtungi.

Mama mmoja aliingia kununua gesi ya kilo 6. Msaidizi aliandika nambari ya simu ya mteja huyo, ombi la malipo likachomoza kwenye simu, naye akaandika nambari yake ya siri. Punde si punde simu ikalia kumjulisha kwamba fedha zimekwenda. Ukurasa wa dukani ukasema "Subiri." Tukasubiri. Dakika zikapita.

"Mama, hapa bado," akasema msaidizi.

"Kijana wangu, pesa zimetoka. Tazama ujumbe huu."

"Ninauona, mama, lakini nimeambiwa nisitoe mtungi mpaka mashine iseme."

Hatimaye walikubaliana kujaribu tena. Mama aliandika nambari ya siri mara ya pili, simu yake ikalia mara ya pili, na ukurasa, kama kwamba haukuona wala kusikia lolote, ukasema "Subiri." Giza lilikuwa limeingia na watoto wa mama huyo walikuwa nyumbani wakingoja chakula. Alitoka mikono mitupu, huku bei ya mitungi miwili imemtoka. Kesho yake mwenye duka alimrudishia fedha za ziada, akampa gesi yake na kumwomba radhi. Lakini neno likitoka halirudi, na mtaani lilikuwa limekwisha kutoka: mashine ya pale hula pesa za watu.

Mtunzi wa ukurasa huo alipokuja kuutazama, aliniita kando kwa unyonge. "Mwalimu," akaniambia, "kule chuoni ilifanya kazi. Niliijaribu mara nyingi sana." Sikuwa na shaka na maneno yake. Ilifanya kazi chuoni kwa sababu chuoni mtandao haukukatika. Kwa maneno mengine, ilifanya kazi kwa bahati.

Msomaji mpendwa, usidhani kwamba kisa hiki ni cha kijana mmoja mzembe. Kijana huyu si mzembe. Alitumia maktaba ya misimbo inayotumiwa na watunzi wa programu kote ulimwenguni, akafuata mfano aliofunzwa, na ukurasa wake ukapata sifa darasani. Kosa lake lilizaliwa mahali ambapo makosa mengi ya wanafunzi wetu huzaliwa: alifundishwa jinsi ya kuiita maktaba, hakufundishwa maktaba hiyo inaahidi nini na haiahidi nini. Ili tuelewane, yafaa turudi nyuma kidogo.

Utandawazi wa tovuti ulipobuniwa na Tim Berners-Lee kati ya mwaka 1989 na 1991, mazungumzo baina ya kivinjari na seva yalikuwa ya kiungwana lakini mafupi. Kivinjari huuliza, seva hujibu, kisha kila mmoja hushika njia yake. Seva haikuwa na ruhusa ya kuanza mazungumzo. Ikiwa jambo jipya limetokea, ilibidi inyamaze mpaka iulizwe. Utaratibu huo ulitosha kabisa kwa mtu anayesoma makala, kwa maana makala haibadiliki anapoendelea kuisoma.

Mwaka 1995 Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, aliitunga lugha ya JavaScript kwa muda wa siku 10 hivi, na kurasa za tovuti zikaanza kuwa na akili kidogo zikiwa ndani ya kivinjari chenyewe. Baadaye ukurasa ukapata uwezo wa kuiuliza seva maswali kimyakimya bila kujipakia upya. Hata hivyo, kanuni ya zamani ilibaki palepale: asiyeulizwa hajibu.

Watu walifanyaje basi walipotaka habari za papo kwa papo? Walifanya kama anavyofanya mtoto aliyetumwa kwenye kinu cha kusagia mahindi. Mtoto huacha debe lake, hurudi kucheza, na kila baada ya dakika moja hukimbia mlangoni kuuliza, "Imeshasagwa?" Anajibiwa bado. Anakimbia tena. Bado. Njia hii humchosha mtoto na humchosha zaidi mwenye kinu. Tufanye hesabu ndogo: skrini 40 zinazouliza kila baada ya sekunde 2 hutuma maswali 1,200 kwa dakika, na takriban yote jibu lake ni "bado." Kila swali hula data, na data katika nchi hii hununuliwa.

Njia ya pili ilikuwa bora kidogo. Mtoto huambiwa, "Keti hapa kwenye benchi, unga ukiwa tayari nitakuita." Yaani kivinjari huuliza, lakini seva haijibu mara moja, hulishikilia swali mpaka iwe na jambo la kusema au mpaka muda upite. Akishajibiwa, mtoto huuliza tena na kuketi tena. Njia hii bado inatumika hadi leo, kama tutakavyoona.

Njia ya tatu ni kuacha simu wazi. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 itifaki ya WebSocket ilichapishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti, kwa jina la RFC 6455. Chini ya itifaki hiyo, kivinjari na seva hufungua njia moja na kuiacha wazi, na yeyote kati yao aweza kusema wakati wowote. Seva ikipata habari haingoji kuulizwa. Ni kama kupigiana simu na kutoikata, kila upande ukiwa na sikio lake hewani.

Lakini simu iliyoachwa wazi hukatika. Hukatika umeme unapopotea, matatu inapoingia bondeni, data inapokwisha, na wakati mwingine hukatika bila sababu ambayo mtu aweza kuitaja. Tena baadhi ya ofisi na shule zina mitambo ya kuchuja mtandao ambayo hairuhusu njia hiyo kabisa. Kwa sababu hiyo zilihitajika maktaba za misimbo za kuifanya kazi ngumu ya kufungua, kulinda na kuirudisha njia. Mojawapo ni Socket.IO, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Guillermo Rauch, mzaliwa wa Argentina. Hiyo ndiyo aliyoitumia kijana wetu wa Munyaka.

Maktaba hii ina pande mbili: upande mmoja hukaa katika seva, na wa pili, ulioandikwa kwa JavaScript, hukaa katika ukurasa wa mteja. Ule wa mteja una busara inayostahili kusifiwa. Kwanza, kwa kawaida huanza kwa njia ya benchi, ambayo karibu kila mtandao huiruhusu, kisha hujaribu kupanda hadi WebSocket. Ikishindwa kupanda, mazungumzo huendelea kwenye benchi na mtumiaji hajui lolote. Pili, husikiliza mpigo wa moyo. Kwa mpangilio wa kawaida wa matoleo ya sasa, seva hutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde 25 na kungoja jibu kwa sekunde 20. Kimya kikizidi hapo, pande zote mbili hujua kwamba muunganisho umekufa.

Tatu, na hili ndilo linalonipendeza zaidi, njia ikikatika upande wa mteja hujaribu kuirudisha wenyewe. Hungoja sekunde moja hivi, kisha huongeza muda wa kungoja baina ya jaribio na jaribio hadi upeo wa sekunde 5, na muda huo huchanganywa na bahati nasibu ili usilingane kwa wote. Kwa nini bahati nasibu? Fikiria stima imepotea mtaa mzima, kisha ikarudi. Tarakilishi 500 zikiamka sekunde ileile na zote zikabisha mlango wa seva moja, seva itaanguka kabla haijamfungulia yeyote. Zikitofautiana kidogo, kila moja hupata nafasi yake. Hapa bahati imetumiwa kwa hekima, na mtu aliyeitumia alijua anachokifanya.

Sasa turudi dukani tukaone kosa lenyewe. Kila muunganisho unapofunguliwa, Socket.IO huupa kitambulisho, mfululizo wa herufi na tarakimu. Kijana wetu alikichukua kitambulisho hicho mara moja tu, ukurasa ulipofunguliwa asubuhi, akakiambatanisha na kila ombi la malipo. Seva yake ilipeleka ombi kwa Safaricom kupitia Daraja, mlango uliofunguliwa mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuzungumza na M-Pesa. Katika utaratibu huo jibu haliji papo hapo. Mteja huombwa nambari ya siri kwenye simu yake, na baada ya yeye kukubali, kukataa au kuchelewa, ndipo matokeo hupelekwa kwenye anwani ambayo mwenye programu aliiandika. Nambari ya matokeo ikiwa 0, malipo yamefaulu. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. Matokeo yalipofika, seva ya kijana iliyapeleka kwa kile kitambulisho cha asubuhi.

Asubuhi yote mambo yalikwenda vizuri. Alasiri mtandao ulipepesa kidogo, pengine kwa sekunde chache tu. Maktaba ikaona, ikajaribu tena, ikaunganisha. Kila kitu kilionekana kizima. Lakini muunganisho mpya ulikuja na kitambulisho kipya, na hakuna aliyeiambia sehemu ile nyingine ya programu. Tangu hapo kila jibu la malipo lilipelekwa kwa jina la muunganisho uliokufa. Ni sawa na barua inayopelekwa katika nyumba ya kupanga ambayo mpangaji amekwisha kuhama. Tarishi amefanya kazi yake, nambari ya nyumba ni ileile, ila aliyetumiwa hayupo. Malipo ya kwanza yalipotea njiani, na ya pili yakapotea vilevile, kwa kuwa kasoro haikuwa ya bahati mbaya bali ilikuwa ya kudumu.

Ifahamike kwamba hapa M-Pesa haikukosa, na maktaba nayo haikukosa. Nyaraka za Socket.IO zinasema bila kuficha kwamba kitambulisho hicho hubadilika kila muunganisho unaporudi, na zinashauri kisitumiwe kumtambulisha mtu. Tena zinaeleza kwamba, kwa kawaida, ujumbe hufika mara moja au usifike kabisa. Mteja akituma neno wakati njia imekatika, maktaba hulihifadhi na kulituma njia ikirudi. Lakini seva ikimtumia neno mteja ambaye hayupo, neno hilo hupotea. Tangu mwaka 2023 maktaba imepata uwezo wa kurejesha hali ya muunganisho uliokatika kwa muda mfupi. Uwezo huo sharti uwashwe kwa makusudi, na hata ukiwashwa, wenye maktaba wenyewe wanaonya kwamba si mara zote utafaulu. Yote hayo yameandikwa. Nani aliwaambia wanafunzi wayasome?

Dawa ya ugonjwa huu si ghali. Kwanza, kila agizo lipewe nambari yake, na matokeo ya malipo yaandikwe katika hifadhidata chini ya nambari hiyo kabla ya kutangaziwa mtu yeyote. Tangazo laweza kupotea, kumbukumbu isipotee. Pili, muunganisho unapofunguliwa, wa kwanza au wa kumi, ukurasa ujitambulishe upya na kuuliza, "Agizo langu nambari fulani limefikia wapi?" Kwa njia hiyo lililopotea wakati wa giza hupatikana mwanga unaporudi. Tatu, mtumaji adai stakabadhi. Socket.IO inaruhusu mpokeaji arudishe neno la kuthibitisha kwamba amepokea, na inamruhusu mtumaji aweke muda wa kungoja. Muda ukipita bila stakabadhi, atume tena.

Lakini ukishakubali kutuma tena, jambo la nne linakuwa faradhi. Stakabadhi nayo yaweza kupotea njiani. Mpokeaji amepokea, mtumaji hajui, naye anatuma mara ya pili. Ikiwa ujumbe unasema "toa mtungi mmoja," mitungi miwili itatoka. Kwa hiyo kila ujumbe uwe na nambari ambayo mpokeaji huikumbuka, ili ukija tena aseme, "Huu nimekwisha kuushughulikia," arudishe stakabadhi na asifanye zaidi. Mama yule asingelipa mara mbili iwapo programu ingekumbuka kwamba agizo lake lilikuwa bado linangoja jibu, na kuuliza habari zake kabla ya kuomba fedha upya.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yamebeba hoja yangu ya leo. Tunafundisha tarakilishi kana kwamba ulimwengu ni maabara. Mwalimu huandika mistari michache ubaoni, wanafunzi huinakili, neno lililoandikwa kwenye skrini ya kwanza hutokea kwenye skrini ya pili, darasa hushangilia, alama hutolewa. Tarakilishi mbili zilizoko meza moja, zikiungwa kwa waya usiofika hata mita 5, zitashindwaje kusikilizana? Mtihani wa namna hiyo haupimi programu, na mwanafunzi anayeufaulu hutoka akiamini kwamba ujumbe uliotumwa ni ujumbe uliofika. Hiyo ni imani hatari.

Nchi yetu imechukua hatua za kutia moyo. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza tarakilishi ndogo katika shule za msingi za umma, na Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu wa hapa Uasin Gishu, kilikuwa mmoja wa washirika waliopewa kazi ya kuziunda na kuzisambaza. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini kifaa na silabasi ni jembe na shamba. Mavuno yanategemea namna ya kulima.

Najua kuna walimu watakaosema, "Mwandishi anatuota mchana. Shule yetu ina tarakilishi 12 kwa wanafunzi 50, na nusu yake ni mbovu. Atuache tufundishe misingi." Pingamizi hilo lina uzito, na silidharau. Lakini ninawaomba wenzangu wakumbuke kwamba somo la ujumbe kupotea halihitaji hata tarakilishi moja. Linahitaji karatasi na mlango.

Chagueni mwanafunzi mmoja awe seva, aketi ndani ya darasa. Mwingine awe mteja, akae nje ukumbini. Wa tatu awe mtandao, abebe vikaratasi baina yao. Mwalimu afunge mlango wakati wowote apendao, na kikaratasi kitakachokuta mlango umefungwa kichanwe. Katika mzunguko wa kwanza seva itume vikaratasi 10 vyenye maagizo ya kuhesabu fedha, bila utaratibu wowote. Mwishoni walinganishe hesabu. Hazitalingana, na darasa litacheka. Katika mzunguko wa pili mteja arudishe stakabadhi kwa kila kikaratasi, na kisichorudishiwa stakabadhi kitumwe tena. Hapo hesabu ya mteja itazidi, kwa sababu baadhi ya stakabadhi zitachanwa. Waacheni wanafunzi watafute wenyewe sababu. Katika mzunguko wa tatu vikaratasi viwe na nambari, na mteja asihesabu nambari moja mara mbili. Hesabu zitalingana. Kwa kipindi kimoja cha dakika 40 wanafunzi watakuwa wameugusa kwa mikono ukweli ambao kijana wetu aliujua kwa gharama ya jina jema la duka la shangazi yake.

Kwa shule na vyuo vilivyo na vifaa, zoezi ni jepesi zaidi. Mwanafunzi akionyesha programu yake, mwalimu asimpe alama hadi auchomoe waya. Aurudishe baada ya dakika moja, kisha atazame. Je, ukurasa ulimjulisha mtumiaji kwamba mawasiliano yamekatika, au uliendelea kutabasamu? Yale yaliyotokea wakati wa kukatika yamepatikana? Yametokea mara moja au mara mbili? Maswali haya matatu yana thamani kuliko kurasa 100 za kunakili. Aidha, mwanafunzi akumbuke kwamba mpigo wa moyo huchukua muda kugundua kifo: sekunde 25 za kungoja na 20 za kuvumilia ni 45, na ndani ya muda huo skrini yaweza kuonyesha uzima usiokuwapo.

Wako pia wanafunzi watakaouliza upande wa pili wa shilingi: "Ikiwa haya ni magumu hivi, kwa nini tusirudi kwenye kuuliza kila mara, kama mtoto wa kinuni?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba mara nyingine yafaa kurudi. Ukurasa wa ratiba ya mitihani inayobadilika mara moja kwa muhula hauhitaji simu iliyoachwa wazi mchana na usiku. Hata dukani Munyaka, ukurasa unaouliza hali ya agizo kila baada ya sekunde 5, na kuacha ukishajibiwa, ungemtumikia mama yule vizuri kuliko ule wa kisasa uliokosa kumbukumbu. Ufundi si kuchagua chombo kipya kuliko vyote, ni kujua kazi iliyo mbele yako. Anayetaka kuvuka mto wa magoti haundi jahazi.

Wala mtu asituambie kwamba mambo haya ni ya wazungu, sisi tungoje kuletewa. Eldoret ina historia yake. Mwaka 2001 kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa katika tarakilishi kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na hapa. Kutokana na kazi iliyofuata chini ya mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali kuu ya rufaa, mwaka 2004 wataalamu Burke Mamlin na Paul Biondich walibuni wazo la OpenMRS, na mwaka 2006 mfumo huo ukaanza kutumika hapa Eldoret kabla ya kuenea katika nchi nyingi. Haja iliyozaa mfumo huo ilionekana hapa, katika foleni za wagonjwa wa bonde letu.

Tena tusisahau mapema mwaka 2008, wakati mji huu na mitaa yake ilipopita katika siku za moto na hofu baada ya uchaguzi. Katika siku hizo Wakenya wachache waliokuwa nyumbani na ughaibuni, pamoja na wenzao, waliunda Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia na kuzionyesha kwenye ramani. Tulioishi hapa wakati huo tunajua thamani ya habari iliyofika kwa wakati, na tunajua madhara ya habari isiyofika, au ya uvumi uliofika mara 10. Kwetu sisi, swali la kama ujumbe umefika halijawahi kuwa mchezo wa darasani.

Na ndiyo maana ninalisisitiza. Jana ilikuwa mtungi wa gesi. Kesho kijana yuleyule ataajiriwa kutunga programu ya kumjulisha daktari kwamba majibu ya maabara yametoka, au ya kumwambia mzazi kwamba basi la shule limepata ajali, au ya kumwonya mkulima kuhusu mafuriko. Iwapo ataendelea kuamini kwamba kutuma ni kufika, siku moja atakayeachwa akingoja mbele ya neno "Subiri" hatakuwa mnunuzi wa gesi.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na tangu siku hiyo tumesikia mengi kuhusu barabara, taa na majumba. Jiji halijengwi kwa mawe peke yake. Hujengwa pia kwa uaminifu wa vitu vidogo ambavyo watu hawavioni: kwamba fedha iliyotumwa itaonekana imefika, na kwamba mashine ikishindwa itasema imeshindwa. Uaminifu huo utatungwa na wanafunzi walioko madarasani mwetu leo, na watautunga kwa kadiri watakavyofundishwa.

Nilipita tena Munyaka majuzi. Kijana yule ameirekebisha kazi yake. Sasa kila agizo lina nambari, na ukurasa ukipoteza njia huandika kwa herufi kubwa, "Mawasiliano yamekatika. Usilipe tena." Nilimwomba anionyeshe. Akaizima data mbele ya macho yangu, akangoja dakika nzima, akaiwasha. Ukurasa ukauliza, ukajibiwa, ukaonyesha malipo yaliyoingia wakati umelala. Yule mama, niliambiwa, bado hununua gesi duka la pili, ng'ambo ya barabara.